Bei ya Nukta

Nukta alikuwa na meno meupe kuliko mtu yeyote katika jengo alilopanga. Alikuwa na cheti cha udereva, ingawa hakuwa na gari wala hamu ya kuwa nalo. Alikuwa na mito ya kulalia mingi kuliko vichwa vya ukoo wake mzima. Na alikuwa na mtungi wa gesi ulioisha tangu wiki iliyopita.

Vyote hivyo, ukiacha mtungi, vilikuwa mshahara. Nukta alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Mtu akitaka maneno ya tangazo, hotuba ya kustaafu au barua ya kuwaomba radhi wateja, alimpigia yeye. Kazi aliijua kwelikweli. Hata hilo jina alilipata kazini, enzi zile ameajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, siku aliposimamisha mashine zilizokuwa zikitoa kadi za harusi kwa sababu mstari wa mwisho haukuwa na nukta. Bwana harusi alisema haidhuru. Yeye akasema inadhuru. Mashine zikanyamaza, nukta ikawekwa, na jina likamganda, mpaka mama yake mzazi akasahau kumwita lile la kuzaliwa.

Shida yake ilikuwa moja tu, nayo ilikaa mdomoni. Mteja akimuuliza, "Bei yako kiasi gani?" ulimi wake ulikufa ganzi. Angejibu, "Inategemea." Akiulizwa inategemea nini, angecheka kicheko kidogo cha aibu na kusema, "Wewe utakachoona kinafaa."

Na watu, ambao hawakuwa wabaya hata kidogo, waliona kinafaa kile kilichokuwa karibu na mkono. Daktari wa meno aliona kinafaa kumsafisha meno. Mwenye shule ya udereva aliona kinafaa kumfundisha udereva, na kwa kuwa kila mwaka alitaka tangazo jipya, Nukta alikuwa ameegesha gari kinyumenyume mara nyingi kuliko dereva wa zimamoto. Na mzee mwenye kiwanda cha magodoro, ambaye mji mzima ulimwita Bosi Godoro na mwenyewe alilipenda hilo jina, alimlipa mito.

Bosi Godoro ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Alimwita binti yangu. Alimpigia simu hata siku zisizo na kazi, amsomee tu tangazo alilomwandikia mwaka juzi.

"'Lala kama mtu asiye na deni,'" angesoma polepole. "Binti yangu, hilo neno ulilitoa wapi?"

Nukta akisikia hivyo, moyo uliyeyuka kama siagi kwenye kikaango, na habari ya bei ikayeyuka humohumo.

Basi asubuhi moja Bosi Godoro akapiga, na safari hii hakuwa na la kusoma.

"Kiwanda kinatimiza miaka thelathini," alisema. "Nataka kitabu. Si kijikaratasi, kitabu chenye jalada gumu. Nilivyoanza, mashine ya kwanza, moto ulioteketeza bohari, wafanyakazi, kila kitu. Sasa niambie wewe mwenyewe, kiasi gani?"

Nukta alivuta pumzi. Kitabu kizima kilikuwa kazi ya miezi. Alilitazama jiko lake, akautazama mtungi, akajiambia leo atasema. Akafungua mdomo.

"Utakachoona kinafaa, mzee."

Upande wa pili Bosi Godoro akaguna, guno la mtu aliyepewa fumbo gumu.

"Nimekuelewa," alisema. "Safari hii nitakushangaza."

Na kweli alimshangaza. Kesho yake wapagazi wawili wa kiwandani walipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, wamebeba godoro kubwa kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa pale, aina waliyoiita Ukoo Mzima. Nukta alikuwa na vyumba viwili, na mlango wake ulikuwa wa watu wa kawaida. Wapagazi wakasukuma. Godoro likaingia nusu, likajikunja kama samaki mbichi, likakwama. Wakasukuma tena. Likakwama zaidi.

"Sisi kazi yetu ni kulifikisha," mmoja wao alisema, akijifuta jasho kwa kofia. "Na limefika."

Wakashuka zao. Nukta akabaki ndani, mlango umezibwa kama chupa iliyotiwa kizibo. Alikuwa bado amelishika lile godoro kiunoni, hajui alisukume wapi, aliposikia hodi kwa nje.

"Hodi humu. Kuna watu?"

Ilikuwa sauti ya shangazi yake, dada wa baba, ambaye maisha yake yote alikuwa akiuza mapazia sokoni na sasa amekuja mjini kuonana na daktari wa macho. Nukta alisahau kabisa kwamba anakuja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona sauti yako iko mbali?"

"Niko nyuma ya godoro."

Shangazi alitua begi lake. Akaligusa lile godoro, akalibonyeza, akalinusa, kwa sababu ndiyo tabia ya watu wa soko.

"Umelinunua hili?"

"Nimelipwa."

"Umelipwa nini?"

"Hilo, Shangazi. Ndio mshahara."

Kwa nje Shangazi akakalia begi lake na kuanza kuuliza, moja baada ya jingine, kama askari wa forodha. Na lililomshangaza Nukta mwenyewe ni kwamba alijibu. Kwa kuwa hakuna uso uliomtazama, ni kitambaa cha maua tu, maneno yalitoka bila kusukumwa. Alisema habari za meno. Alisema habari za kuegesha gari. Alisema habari za mito, na mtungi, na jinsi mtu akimwambia umeandika vizuri anavyojiona ameshalipwa na chenji imebaki.

"Mwanangu," Shangazi alisema mwishowe, "kaa pembeni."

Nukta akakaa pembeni. Akasikia hatua zikirudi nyuma ukumbini, zikinyamaza, kisha zikija mbio. Godoro likafyatuka, likaingia sebuleni kwa kishindo, likaangusha meza na taa, na juu yake akawa amelala Shangazi, kilemba upande, miwani upande, ametulia kama mgeni wa heshima.

Alijigeuza kidogo. Akalipigapiga kwa kiganja.

"Zuri," alisema. "Ila halipikiki."

* * *

Siku zilizofuata Shangazi aliahirisha macho yake na kushughulikia mdomo wa Nukta. Sebule yote sasa ilikuwa godoro, kwa hiyo mafunzo yalifanyika juu yake, wamekaa kama watu waliookolewa kwenye mafuriko.

"Unakuwa na bei mbili," Shangazi alieleza. "Ya kuanzia na ya kuishia. Ni kama pazia. Unalikata refu, halafu ukifika dirishani unapinda. Wewe unalikata fupi hapohapo dukani, tena mteja hajasema hata ana dirisha."

Alimfanyia hesabu. Kazi ya kurasa kadhaa inachukua muda gani? Pango kiasi gani, gesi kiasi gani, umeme, simu, siku za kuumwa, siku za kukaa bila kazi? Akajumlisha kwa vidole, akaongeza kidogo kwa ajili ya roho mbaya za watu, akapata bei ya kuishia. Kisha akaizidisha mara tatu, akapata ya kuanzia. Nukta alipoisikia aliangalia mlango, kana kwamba polisi wanaweza kuja.

Halafu Shangazi akachukua mto mmoja, akauegemeza ukutani, akauvisha miwani yake ya zamani.

"Huyu ndiye mteja. Mwambie bei. Ukishaitaja, funga mdomo. Usicheke, usikohoe, usieleze. Nyamaza mpaka aseme yeye."

Nukta aliutazama mto. Ulikuwa mto mpole, wenye maua ya bluu.

"Bei yangu," alisema, akaitaja. Akanyamaza. Mto nao ukanyamaza. Jasho likamtoka Nukta chini ya pua. "Lakini," alisema, "tunaweza kuongea."

"Unaongea na nani? Mto?"

"Umeniangalia vibaya."

Kufikia jioni alikuwa ameupunguzia mto nusu ya bei, tena mto wenyewe haujatia neno. Siku ya pili akaweza kunyamaza. Siku ya tatu aliweza kunyamaza bila kuufunika mto uso.

Lakini Shangazi naye hakuwa mtu wa kungoja. Mwenye shule ya udereva alipopiga simu kutaka tangazo lake la mwaka, Nukta yuko bafuni, Shangazi akapokea. Akajitambulisha kuwa ni meneja. Akataja bei ya kuanzia. Yule bwana akacheka, akidhani ni utani, akataja kidogo. Shangazi akasema, "Basi, baba, nenda ukatembee kwingine, ukichoka utarudi," akakata simu.

"Sasa umefanya nini?" Nukta aliuliza, taulo kichwani.

"Nimemwachia nafasi ya kurudi. Wote hurudi. Akishafika kibanda cha tatu anageuka."

"Shangazi, yule hayuko sokoni. Yuko ofisini kwake, kwenye kiti."

Walingoja. Yule bwana hakurudi siku hiyo, wala wiki hiyo. Baadaye Nukta aliona tangazo jipya la shule kwenye ukuta wa posta, limeandikwa na mtu mwingine, na lilisema "Jifunze kuendesha na kugonga wataalamu wetu." Alisimama mbele yake muda mrefu, akiwa na huzuni za namna mbili.

Alirudi nyumbani akanuna. Shangazi alikunja mguu, akakubali kwa shingo upande kwamba mapazia ni mapazia na maneno ni maneno, na mteja wa simu hana vibanda vya kuzungukia.

"Nimekosea hapo," alisema. "Basi tutafute wapya wa kuziba pengo. Watu wa kazi hukutania wapi?"

Nukta alijua wapi, ila alikuwa akikwepa miaka yote. Kila baada ya muda kulikuwa na kusanyiko katika ukumbi wa hoteli moja, Asubuhi ya Kufahamiana, ambapo watu wa biashara walikunywa chai na kubadilishana kadi. Aliwahi kwenda mara moja. Alisimama karibu na birika la chai muda wote, mpaka watu watatu wakamwomba sukari wakidhani ni mhudumu, naye akawapa.

"Safari hii utakwenda na mimi," Shangazi alisema.

* * *

Mlangoni mwa ukumbi alikaa msichana mwenye kompyuta na mashine ndogo ya kuchapa beji. Aliuliza jina na kazi, vidole vikikimbia, foleni ikimsukuma.

"Nukta. Mwandishi."

Mashine ikatema beji, msichana akaibandika kifuani mwa Nukta bila hata kuitazama, akamwita anayefuata. Nukta naye hakuitazama, kwa kuwa tayari alikuwa akilitafuta birika kwa macho. Shangazi alikwenda moja kwa moja dirishani kupima kitambaa cha mapazia ya hoteli.

Nukta hajamaliza kumimina chai, mama mmoja mwenye saluni, kwa mujibu wa beji yake, akamjia mbiombio.

"Dada, una dakika? Mwenye nyumba anataka kunitoa dukani na mkataba haujaisha. Nifanyeje?"

Nukta alifurahi. Hakuwahi kufuatwa haraka namna hiyo.

"Umemwandikia?"

"Sijamwandikia. Tunagombana tu."

"Mwandikie. Ukurasa mmoja unatosha. Eleza mlikubaliana nini, lini, na unataka nini. Usimtukane mwanzoni."

"Na mwishoni?"

"Hata mwishoni."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesomewa hukumu nzuri. Akaondoka, akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akaja. Huyo alitaka kujua afanye nini na mshirika wake aliyehama na jina la biashara yao.

"Mliandikiana?"

"Tuliaminiana."

"Basi anza kuandika leo."

Nyuma yake akaja wa tatu, na nyuma ya wa tatu ikajipanga foleni, na Nukta, kikombe mkononi, akawa anawahudumia mmoja mmoja: andika, fupisha, ondoa neno hilo, anza na tarehe. Alisikia mtu kwenye foleni akisema, "Huyu ndiye anayefaa. Hana maneno makubwamakubwa." Mashavu yakamwaka moto. Alijiuliza kwa nini miaka yote alikuwa akiogopa mahali pazuri hivi.

Hapo ndipo bwana mmoja mwenye suti ya kijivu alipoipita foleni yote na kusimama mbele yake. Hakuwa amekasirika, ila alikuwa na sura ya mtu aliyekaa peke yake kwenye sherehe.

"Samahani, dada," alisema. "Ofisi yako iko wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Maana mimi nilidhani ni mwanasheria peke yangu hapa. Nimesimama pale na kadi zangu tangu asubuhi, hata mtoto hajanisogelea. Nikaona nije nimjue mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

Yule bwana akamwonyesha kidole kifuani. Nukta aliinamisha shingo, akaisoma beji yake juu chini. NUKTA, MWANASHERIA.

Yeye aliyesimamisha mashine kwa ajili ya nukta moja alikuwa ametembea ukumbi mzima na neno zima lisilo lake kifuani. Alijua mara moja ilivyotokea. Msichana aliandika herufi nne za kwanza, kompyuta ikamalizia yenyewe, na hakuna aliyehakiki. Chai ilimwagika kwenye sahani. Aliweka kikombe chini, akageukia foleni.

"Jamani, naomba radhi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mimi si mwanasheria. Ni mwandishi. Beji imekosewa na mimi sikuisoma. Niliyowaambia nilikuwa nawaambia kama mwandishi."

Watu walitazamana. Mwenye saluni, aliyekuwa ameshaazima kalamu, akainua mkono.

"Kwa hiyo hiyo barua nisiandike?"

Wote wakamgeukia yule bwana wa suti. Alifikiri kidogo.

"Andika," alisema. "Hata mimi ningekwambia uandike. Ila ningekwambia kwa muda mrefu zaidi."

Kicheko kikapasuka, na foleni ikagawanyika mara mbili bila kuamrishwa na mtu: wenye kesi wakahamia kwa Wakili, waliotaka kuandikiwa wakabaki kwa Nukta. Kadi zake zote zikaisha. Watu walipotawanyika kwenda kula vitafunio, Wakili akamrudia.

"Dada, naomba nikwambie jambo la aibu. Barua ninazowaandikia wateja wangu, wananipigia simu kuniuliza zina maana gani. Juzi mmoja alidhani nimemshtaki, kumbe nilikuwa namwambia tumeshinda. Akahama nyumba. Nahitaji mtu wa kuzigeuza ziwe maneno ya watu. Wewe bei yako kiasi gani?"

Nukta alimtazama usoni, na hilo likawa kosa, kwa sababu ulikuwa uso mwema. Ulimi ukaanza kufa ganzi. Ile "inategemea" ikapanda mpaka kooni. Akashusha macho haraka mpaka kwenye tai ya Wakili, iliyokuwa na vidoa vya bluu, akajilazimisha kuona mto. Na kwa kuwa alikuwa na hofu, hakukumbuka bei ya kuishia, wala ya katikati. Aliyoikumbuka ni ile aliyoimba mara nyingi zaidi, ya kuanzia, iliyozidishwa mara tatu. Akaitaja. Akafunga mdomo.

Wakili akanyamaza.

Nukta akanyamaza. Mahali fulani kijiko kiligonga sahani. Alihesabu vidoa vya tai, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Kwa kila barua?" Wakili aliuliza.

"Kwa kila barua," Nukta alisema, ingawa kichwani alikuwa hajapanga kama ni kwa barua au kwa dazeni.

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, nimekubali."

"Unaweza kupunguza," Nukta alisema.

"Nani apunguze? Mimi?"

"Kama unaona kubwa."

"Sioni kubwa."

"Una uhakika? Maana wengine—" Hakumaliza, kwa sababu Shangazi, aliyekuwa amejitokeza nyuma ya pazia la dirisha bila mtu kujua alifika saa ngapi, alimkanyaga mguu kwa uzito wake wote.

"Dada," Wakili alisema, akitoa pochi, "nimebishana na watu wengi wanaotaka pesa zaidi. Wewe ndiye wa kwanza kunibishia unataka kidogo. Nikupe nusu ya bei ya barua ya kwanza sasa hivi, kabla hujanishinda?"

Mchana huo Nukta alinunua gesi. Alipika wali na maharage, akala sahani mbili juu ya godoro, na mpaka anamaliza alikuwa bado hajaacha kuangalia mlango.

* * *

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko ya Wakili, maana Wakili alikuwa mgeni. Bosi Godoro hakuwa mgeni. Alimwita binti yangu. Usiku mzima Nukta aliwaza: mtu aliyekuwa akikupenda bure, leo umpelekee bei, si ni kama kumdai baba yako nauli ya kumtembelea? Alitamani kuandika kitabu chote na kukaa kimya. Lakini ingebidi aandike kwa miezi, na godoro, kama alivyosema Shangazi, halikuwa chakula.

Kesho yake, kiwandani, yeye na Shangazi walipokewa na mama wa mapokezi, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliyewapeleka juu kwenye ofisi kubwa yenye madirisha mapana yasiyo na kitu. Nukta alimwomba Shangazi asiseme lolote. Shangazi aliapa kwa ishara ya mdomo kufungwa kwa zipu, akakaa kwenye kona.

"Binti yangu," Bosi Godoro alisema, akifungua mikono, "umelilalia?"

"Nimelilalia, mzee. Tumelilalia wote. Mzee, nimekuja kuhusu kitabu. Nina bei."

Bosi Godoro aliteremsha mikono polepole.

"Una nini?"

"Bei."

Mzee alinyoosha mkono, akabonyeza kengele ya mezani. Mhasibu wake akaingia, bwana mwembamba aliyebana faili kwapani.

"Simama hapa," Bosi Godoro alimwambia. "Nukta ana bei. Nataka uwe shahidi."

Ofisi ikatulia kama chumba cha kufungia ndoa. Nukta alitafuta mahali pa kuweka macho. Hakukuwa na tai, Bosi Godoro alivaa fulana ya kiwanda. Hakukuwa na mto, jambo la ajabu kwa jengo lile. Basi akamtazama mzee mwenyewe, usoni hasa, na akaitaja bei ya kitabu. Safari hii hakuwa ameizidisha. Ilikuwa ile ya kuishia, ya haki, aliyoipigia hesabu mwenyewe. Kisha akafunga mdomo.

Bosi Godoro hakusema kitu. Nukta hakusema kitu. Shangazi kwenye kona alishika goti lake kwa mikono miwili ili lisiseme kitu.

Mhasibu akakohoa.

"Mbona ni pungufu ya tuliyotenga," alisema.

"Wewe nyamaza," Bosi Godoro alisema.

"Unasema mlitenga?" Nukta aliuliza.

Bosi Godoro alijiegemeza kwenye kiti, akakuna kichwa.

"Kila mwaka natenga fungu la mwandishi," alisema. "Na kila mwaka huyu bwana ananirudishia, ananiambia mwandishi hajachukua. Nakuuliza bei, unaniambia nitakachoona kinafaa. Sasa mimi nione nini? Mimi nikishuka kiwandani, nikiangalia huku naona mito, nikiangalia kule naona mito. Mhasibu akanambia, mzee, huenda huyu binti amekosana na pesa. Mke wangu akanambia, huenda anapenda sana kulala. Nikasema basi, tusimlazimishe."

"Napenda mito, mzee," Nukta alisema. "Ila imenitosha."

"Na lile godoro?"

"Lile liliingia kwa kupigwa kumbo."

Mzee akacheka mpaka akatoa kitambaa. Alipomaliza kujifuta macho, alikuwa na sura nyingine, ya mtu anayeuliza jambo ambalo amelibeba.

"Kwa hiyo sasa tukishafanya kwa bei," alisema, "kukupigia simu nikusomee tangazo nako nikome?"

Nukta alihisi ile siagi ikianza kuyeyuka, lakini safari hii haikuondoka na kitu.

"Usikome," alisema. "Hilo ni bure."

Wakapeana mikono. Mhasibu akaandika hundi ya nusu kwanza, akiandika kwa furaha ya mtu anayefunga hesabu iliyomsumbua miaka. Nukta alikuwa akiikunja aiweke kwenye pochi alipomsikia Shangazi akinyanyuka kwenye kona. Zipu ilikuwa imeisha nguvu.

"Baba," Shangazi alimwambia Bosi Godoro, akitazama vile vioo vipana, "kiwanda cha watu kulala, na jua lote hili? Hayo madirisha hujayaonea aibu? Mimi nauza mapazia."

"Kiasi gani?" Bosi Godoro aliuliza, akivuta kiti chake mbele.

Shangazi akataja bei. Bosi Godoro akashika kifua kama aliyechomwa mkuki. Mhasibu akatafuta mahali pa kukaa. Nukta aliona wote wawili wamekunja mikono ya nguo, nyuso zimewaka raha, akajua kwamba hapo hapaondokeki mpaka jua lizame. Akatoka bila kuaga, akateremka ngazi mpaka mapokezi.

Yule mama mwenye miwani ya kamba alikuwa akipanga barua kwenye visanduku. Alimsogezea Nukta kiti na kumuuliza kama atakunywa chai. Nukta akasema atakunywa, akatoa daftari jipya na kalamu.

"Mama, naandika kitabu cha kiwanda," alisema. "Naomba nianze na wewe. Hapa uliingiaje?"

Yule mama aliweka barua chini. Alifikiri, akaanza kucheka peke yake kabla hajasema.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuja kuuliza njia tu."

Nukta akaandika.